Siku Nilipohama na Kigoda cha Mama

Nilimhama mama yangu mbele ya watu, mchana kweupe, hapa hapa Mwanza, na nikaondoka na kigoda chake. Naanza na hilo kwa sababu wako wenzangu shuleni waliokisikia kisa hiki kwa watu wengine, na kila kikisimuliwa upya mimi nazidi kuwa mjinga. Ujinga niliokuwa nao siku ile unatosha. Sihitaji kuongezewa.

Kilichonikumbusha ni harufu. Ijumaa iliyopita tulikuwa na mdahalo darasani. Mwalimu alitugawa pande mbili, madawati yakasukumwa ukutani, katikati pakabaki sakafu tupu. Hoja ilikuwa kwamba mji ni bora kuliko shamba. Mwenzetu mmoja ambaye hajawahi kushika jembe alikuwa anatueleza utamu wa kulima pamba, na wakati huo upepo wa ziwani ukaingia dirishani na harufu ya furu wanaoanikwa juani. Furu mwenyewe ni samaki wa urefu wa kidole, lakini harufu yake ni ndefu kama barabara ya Shinyanga. Darasa zima likashika pua. Mimi nikaivuta mpaka chini ya mapafu, na kabla sijajielewa nikawa nimesimama, nikaikata ile sakafu tupu, nikaenda kukaa upande wa pili.

Mwalimu akaniuliza nakwenda wapi na zamu yangu bado. Nikamjibu, "Nahama, mwalimu. Hawa wanasema vizuri kuliko sisi." Darasa likacheka, mimi nikapewa kufyeka nyasi za uwanja. Ndipo nikiwa nafyeka nikawaza kwamba hiyo ni mara yangu ya pili kuhama kwenye mashindano ya maneno, na kwamba ile ya kwanza ilistahili adhabu kubwa zaidi ya hii, lakini sikuipata.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Uhuru ulikuwa bado haujafika, ila ulikuwa umekaribia kiasi kwamba watu wazima walishaanza kugombania mahali pa kusimama siku ya kuupokea. Sisi tuliishi karibu na mwalo, pale mitumbwi inapofikia na samaki. Mama yangu ni Mkerewe. Alipovuka maji kuja kuolewa huku alikuja na kigoda cha miguu mitatu alichochongewa na babu, na mdomo ambao haukupenda kazi. Sisemi kwamba alikuwa bubu. Alikuwa anaongea, lakini kwa kipimo, kama mtu anayegawa chumvi. Akikwambia neno moja asubuhi, ulilitumia mpaka jioni.

Baba alikuwa machimboni Geita, na sisi tulimwona Krismasi, tena Krismasi nyingine hazikuwa na bahati. Kwa hiyo ugali wetu, sare yangu na masomo yangu vyote vilitoka juu ya jiwe moja. Mnayajua mawe ya Mwanza, yalivyopandana kama vile watoto wa majitu walikuwa wanacheza, wakaitwa kula, wakayaacha hivyo hivyo. Pale mwaloni kulikuwa na mawe mapana, laini, yaliyoinamia ziwa, yenye jua la kutwa na upepo wa kutosha. Wanawake walianika furu juu yake, na pembeni walikausha samaki aina ya kamongo kwa moshi. Ukipita hapo na nguo safi, unarudi nyumbani na nguo ambayo paka wote wa mtaa wanataka kuijua.

Mawe yale hayakuwa na hati wala uzio. Mwanamke akiweka kigoda chake juu ya jiwe, jiwe ni lake. Akikiondoa, ameliacha. Nilishawahi kuwasikia wakitukanana kuanzia alfajiri mpaka samaki wanakauka, wakitajana ukoo kwa ukoo, lakini sikuwahi kuona mtu akigusa kigoda cha mwenzake. Hata mama mmoja alipokwenda msibani kwao akakaa huko mpaka mwezi mwingine ukaandama, alikikuta kigoda chake pale pale, kimejaa mavi ya ndege, hakuna aliyekisogeza.

Sasa niwaambie na kuhusu ngoma, maana bila ngoma hamtanielewa, mtanihukumu tu. Baada ya mavuno tulikuwa tunakwenda kwa ndugu za baba, Wasukuma, kuangalia mashindano. Makundi mawili yanapiga ngoma wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hawa wanacheza na nyoka, wale wanacheza na nungunungu, na katikati yao panaachwa njia. Hakuna mwamuzi. Wewe mtazamaji unasimama unapopapenda, na ukiona wale wa ng'ambo wamenoga, unavuka. Kundi litakalokuwa na watu wengi jua likizama ndilo limeshinda. Sisi watoto tulivuka na kurudi mpaka miguu ikauma, tukijiona majaji. Tena kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu aliijua: mkuu wa ngoma mwenyewe akivuka kwenda kwa wenzake, hata kama ni kwa kuchungulia, mchezo umekwisha.

Basi ikaundwa kamati ya kuandaa sherehe za Uhuru, na kamati ikaamua kwamba waanika samaki waondoke mwaloni, wahamie nyuma ya kilima. Huko nyuma ya kilima hakukuwa na jiwe pana, wala upepo, wala ziwa. Kulikuwa na mbuzi. Mama alipoambiwa habari hiyo aliendelea kugeuza furu wake, kisha usiku ule hakula. Mimi nilikula na yake. Sikuelewa kwamba mtu anaweza kukosa hamu kwa sababu ya jiwe.

Wanawake wakadai baraza. Kamati ikakubali kuja hapo hapo mwaloni, Jumamosi, wasikilizwe. Kwa kuwa wengi wao Kiswahili kiliwasumbua, wakamchagua Fundi Lukasi wa baiskeli awasemee. Fundi Lukasi alikuwa na maneno. Ukimpelekea pancha, alikuwa anakupa historia ya mpira toka mtini. Wiki nzima wanawake walimpikia samaki mzuri wa sato ili asije akaishiwa nguvu.

Jumamosi ikafika. Kamati wakaweka meza yao kwenye mchanga, upande wa barabara, na watu wa mjini wakakaa nyuma yao: wenye maduka, mafundi cherehani, makarani wa Nyamagana na wake zao. Upande wa mawe wakakaa wanawake wa samaki na watoto wao, wachukuzi na wavuvi. Katikati ukabaki ukanda wa mchanga mtupu. Nawaapia, kama si ile meza, ulikuwa uwanja wa ngoma mtupu. Mama alikisogeza kigoda chake mpaka ukingoni mwa jiwe lake, mbele kabisa, akakaa. Mimi nilisimama nyuma yake.

Alianza Fundi Lukasi. Alisalimia. Akamsalimia mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa mzee wa heshima mwenye masikio mazito. Akamsalimia makamu. Akawasalimia wajumbe mmoja mmoja, na ndugu waliofuatana nao, na wenye maduka kwa mitaa yao. Akashukuru kwa kupewa nafasi ya kushukuru. Kisha akatazama juu, akatazama chini, akatazama meza, nadhani akakumbuka kwamba nusu ya watu waliokaa pale walitengeneza baiskeli zao kwake, akasema, "Basi wazee wangu, ni hayo tu." Akakaa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema taratibu kwa Kikerewe kwamba anamtaka sato wake arudi.

Akasimama karani wa kamati. Huyu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, viatu vyeupe, penseli sikioni. Sisi watoto tulimwita Gramafoni, kwa sababu ya sauti. Sijapata kusikia tena sauti kama ile. Ilikuwa haipigi kelele, ilikuwa inajaa, kama maji yanavyojaa kwenye mtungi, na wewe ndiye mtungi.

"Ndugu zangu," akasema, "Uhuru ni mgeni. Na mgeni yuko njiani." Mimi niligeuka kuangalia barabarani. "Ameshatoka Dar es Salaam. Amepanda treni. Amepita Morogoro, watu wamempungia. Amepita Dodoma, amepita Tabora. Hajalala. Hajalala kwa sababu ana hamu ya kuiona Mwanza. Kesho kutwa anashuka stesheni pale, na koti lake, na sanduku lake. Anamuuliza mtoto wa kwanza anayemwona: mwanangu, mjini ni wapi?"

Naapa alinitazama mimi.

"Na yule mtoto amwambie nini? Amwambie, mzee, we fuata harufu?"

Watu wakaangua kicheko mpaka upande wetu, mpaka wavuvi. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe kama mtu anayengoja mvua ikatike, kisha akashusha sauti, akasema wakoloni walituita wachafu miaka yote hii, na sasa siku ya kuwaaga tutawapa ushahidi mkononi? Akauliza, nani hapa anataka Uhuru uingie Mwanza umeshika pua? Hakuna, wakajibu. Nani? Hakuna. Nami niliitikia hakuna, kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimesimama nyuma ya mwanamke aliyenikaushia furu tangu nazaliwa. Nilimwona Uhuru kabisa, wenzangu. Nilimwona na koti lake la kijivu, amesimama stesheni, ananitegemea mimi. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusimama kwenye mchanga, bila ngoma, bila nyoka, bila njuga, akakuonyesha kitu ambacho hakipo ukakilia machozi.

Na kwenye ngoma, wale wa ng'ambo wakinoga kiasi hicho, unafanyaje?

Nilivuka. Lakini mimi nilikuwa mfupi, na kule mbele walikaa wanaume, kwa hiyo nilihitaji kitu cha kupandia, kama tulivyozoea kwenye mashindano. Mama alikuwa ameinuka kidogo kumpisha mtoto wa jirani apite. Nikakichukua kigoda, nikakibeba kichwani, nikaukata ule mchanga mtupu mbele ya macho ya watu wote, nikakiweka upande wa kamati, nikapanda juu yake.

Kwanza sikuelewa nilichofanya. Halafu wachukuzi wawili watatu, ambao nao walikuwa watu wa ngoma, wakavuka nyuma yangu wakicheka. Wavuvi wakafuata. Wanawake wakashika midomo. Kwao hawakuona mtoto anayetafuta pa kuchungulia. Waliona kigoda cha mama yangu, Mama Masalu, kimetoka kwenye mawe kimekwenda kwa Gramafoni, na kama kigoda kimekwenda, jiwe limeachwa, na kama mama huyu ameacha jiwe, wao wanabaki kwa ajili ya nini. Mmoja akaanza kukusanya mikeka yake. Nilimtazama mama kutoka kule juu nilikopanda. Hakuwa na pa kukaa. Alibaki amesimama peke yake mbele ya wenzake waliokaa chini, mikono imening'inia, na ghafla nikaona jinsi alivyokuwa mdogo.

Mwenyekiti naye akamwona. Mtu akisimama barazani, maana yake ana neno. Akanyoosha fimbo yake akasema, "Haya, mama uliyesimama, sema."

Mama akasema, "Shikamooni wazee." Wakamwitikia. Kisha akasema kitu ambacho hatukukisikia.

Aliongea kwa sauti ile ile aliyokuwa anaitumia jikoni. Watu wakasema hatusikii. Hakuongeza. Waliokuwa nyuma wakainuka, wakasogea. Waliokuwa upande wetu wakasogea kwenye mchanga mtupu, wakatega masikio, wakasogea tena. Wachukuzi walionifuata wakarudi. Wenye maduka wakaacha viti vyao. Mimi nikiwa juu ya kigoda nikaona kichwa baada ya kichwa kinavuka, kama nilivyozoea kuona viongozi wa ngoma wakiziacha ngoma zao zinong'one mpaka uwanja wote unawainamia. Mzee mwenyekiti akawa anauliza, "Anasemaje? Karani, huyu mama anasemaje?" Gramafoni akainama mbele, akaweka mkono sikioni, hakupata kitu. Kazi yake ilikuwa kuandika na kumweleza mzee. Hakuwa na njia nyingine. Akachomoa penseli yake, akavuka mchanga na vile viatu vyeupe, akikanyaga magamba ya samaki, akaenda kusimama mbele ya mama yangu.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka kwenye gati. Mkuu wa ngoma amevuka.

Gramafoni akageuka, akauona umati wote uko nyuma yake, akaelewa. Alikuwa amekaa Usukuma muda wa kutosha. Akacheka, cheko la kweli, la mtu aliyepigwa chenga nzuri na mtoto. Lakini kazi ni kazi. Mama akasema sentensi yake kwa ile sauti ya jikoni, l na r zikibadilishana mahali kama kawaida yake, na Gramafoni akainua kichwa akaisema tena kwa sauti yake ili mzee asikie. Na ikawa hivyo mpaka mwisho. Maneno ya mama, sauti ya Gramafoni.

"Anasema ni kweli wananuka. Anasema hata mwanawe amesikia harufu yake, na leo amemkimbia."

Watu wakacheka, wakanitazama. Nilitamani kigoda kizame mchangani na mimi juu yake.

"Anasema amempenda yule mgeni. Amemwona akishuka kwenye treni. Ila anauliza." Hapo Gramafoni akainama kumsikiliza vizuri, na nikaona uso wake unabadilika kabla hajafungua mdomo. "Anauliza, mtu aliyetoka Dar es Salaam mpaka hapa bila kulala, anashuka na hamu, au anashuka na njaa?"

"Anasema kwao mgeni hapokewi kwa ufagio. Kwanza anapokewa kwa chungu. Anasema yule mtoto wa stesheni amejibu vizuri sana, asipigwe. Mwenye njaa humwambii fuata mtaa huu, kata kulia. Unamwambia hivyo hivyo." Na hapo, wenzangu, Gramafoni akasahau kwamba alikuwa mpinzani. Sauti ilimshika mwenyewe. Ikajaa, ikajaa, akanyoosha mkono kuelekea mawe, akasema maneno ya mama yangu kama vile ameyangoja maisha yake yote: "Unamwambia, mzee, we fuata harufu."

Sijui niwaelezeje. Maneno yalikuwa yale yale aliyotuchekesha nayo dakika chache zilizopita, hata moja halikubadilishwa, lakini sasa hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa anakusanya mikeka aliketi juu yake akalia. Fundi Lukasi alivua kofia. Mimi nilimwona tena yule mgeni na koti lake la kijivu, na safari hii alikuwa ananusa hewa, anatabasamu, anateremka kuja kwetu.

Mzee mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. Akasema waanika samaki wabaki kwenye mawe yao, siku ya sherehe wafagie na wapikie wageni, na kama kuna mjumbe mwenye njaa tofauti na hiyo aseme.

Uhuru ukafika, ukala. Mimi nilikuwepo, nilibeba masufuria.

Siku hizi najua mambo ambayo juu ya kigoda sikuyajua. Kwanza, sikukosea nilipodhani lile ni shindano. Nilikosea kudhani anayenoga ndiye aliye na haki. Gramafoni alinoga, na kesho yake angeweza kunoga tena kwa neno lingine, na pengine asingeona tofauti. Hata hivyo nampenda mpaka leo, kwa sababu alivuka. Pili, mwaka juzi mawe yale yaliwekewa waya, na wanawake wakahamia mwalo mwingine. Safari hii hakuja karani na viatu vyeupe, wala meza, wala mtu wa kutuchekesha. Tuliamka tukakuta waya. Ndipo nilipoelewa kwamba anayekuja kubishana nawe kwenye mchanga, hata akiwa na sauti ya kukuibia mtoto, bado anakuhesabu. Yule aliyeweka waya hakujua hata kama tuna harufu.

Lakini kuna jambo moja sikulijua, nalo lilinisumbua kuliko yote: kama mama alishusha sauti kwa hila, kama viongozi wa ngoma, au alikuwa anaogopa tu. Siku ile ile nilijaribu kumuuliza. Tulikuwa tunarudi nyumbani jioni, mimi nimebeba kigoda kichwani, nikingoja fimbo ambayo haikuja. Wanawake waliotupita barabarani walimwita msemaji wao, walimwita mwanasheria, naye aliitikia salamu tu. Tulipofika mlangoni nikajikaza. Swali la sauti likanishinda, nikamuuliza maneno yale yote aliyatoa wapi, na kwa nini siku zote alikuwa hasemi, leo akasimama mbele ya watu akasema.

Mama akakichukua kigoda kichwani kwangu, akakifuta mchanga kwa upande wa kanga, akakiweka chini, akakalia. Akasema:

"Ningekuwa na pa kukaa, ningekaa."